Maswali Yenu: Leza Inayopasua Ndani ya Seli

Tangu safu hii iguse upasuaji wa macho kwa leza, maswali yamemiminika. Leo nayajibu matano.

Mwanga unakataje nyama ya mwili bila kuiunguza? (Msomaji, Tanga)

Jibu liko kwenye muda. Leza hizi hazimuliki mfululizo. Hutoa mipigo ya mwanga, na kila mpigo hudumu femtosekunde mia kadhaa tu au pungufu. Gawa sekunde moja vipande milioni moja, kisha kila kipande ukigawe tena mara bilioni moja: hiyo ndiyo femtosekunde. Mwanga, ambao kwa sekunde moja hukimbia kilomita 300,000, kwa femtosekunde moja hausogei hata nusu ya elfu moja ya milimita.

Nishati ya mpigo mmoja ni ndogo sana, lakini kwa kuwa imebanwa ndani ya muda huo, nguvu yake pale inapokutanikia ni kubwa ajabu. Elektroni zinang'olewa kwenye atomu zake, na kipande kidogo cha tishu kinageuka kiputo. Kabla joto halijapata wasaa wa kusambaa kwa majirani, mpigo umeshakwisha.

Nasikia inakata ndani na juu panabaki pazima. Inawezekanaje? (Msomaji, Nakuru)

Inawezekana, na kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wake wote. Mwanga unaotumika ni wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao hupenya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, bila kunyonywa. Ili tishu iunyonye, fotoni kadhaa, yaani chembe za mwanga, lazima zifike mahali pamoja kwa wakati mmoja, na msongamano huo hupatikana tu pale lenzi ilipokusanyia miale. Juu ya hapo na chini ya hapo, mwanga unapita tu. Mwanafizikia Maria Goeppert-Mayer alionyesha kwa hesabu tangu 1931 kwamba atomu inaweza kunyonya fotoni mbili kwa pamoja, miongo mitatu kabla ya leza kuwepo.

Ni kweli ilianza kwa ajali? (Msomaji, Muscat)

Matumizi yake kwenye macho, ndiyo. Kifaa chenyewe kilitokana na kazi ya wanafizikia Donna Strickland na Gérard Mourou. Mwaka 1985, huko Rochester, Marekani, walibuni njia ya kuurefusha mpigo, kuukuza, kisha kuubana upya. Kazi hiyo iliwapatia Nobeli ya fizikia mwaka 2018. Mwaka 1993, katika maabara ya Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa na leza hiyo jichoni. Daktari kijana, Ron Kurtz, alipomchunguza aliona vidonda vidogo vyenye kingo safi kuliko alivyozoea kuona. Aliuliza ni leza gani iliyofanya hivyo. Baadaye, pamoja na Tibor Juhasz, aliigeuza kuwa kifaa cha kukata konea bila wembe.

Inaweza kweli kupasua seli moja? (Msomaji, Bukavu)

Inapasua hata kiungo kimoja ndani ya seli. Katika maabara ya mwanafizikia Eric Mazur, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, watafiti waliharibu mitokondria moja, kiungo kinachoipa seli nishati, ndani ya seli hai, na zilizo jirani zikabaki salama. Mwaka 2004, watafiti Mehmet Fatih Yanik, Adela Ben-Yakar na wenzao walikata nyuzi za neva za mnyoo mwenye urefu wa takriban milimita moja. Mnyoo akashindwa kurudi nyuma. Ndani ya siku moja nyuzi nyingi zilikuwa zimeota tena, na mwendo ukaanza kurejea. Fikiria maana yake: sasa tunaweza kukata neva moja tunayoitaka, kisha tukatazama ni jeni zipi zinazoisaidia kupona. Kwa wanaouguza watu waliopooza, swali hilo si la maabara tu.

Lakini msitegemee kesho mtu akatwe uvimbe wa ndani kwa njia hii. Tishu zetu nyingi hutawanya mwanga, na ukipita takriban milimita moja miale haikusanyiki vizuri tena. Ndiyo maana jicho, lililo angavu, limetangulia.

Bibi yangu ana mtoto wa jicho. Tusubiri hadi tupate leza? (Msomaji, Moshi)

Msisubiri. Daktari wa macho Zoltán Nagy wa Budapest, Hungaria, alianza kuitumia kwa mtoto wa jicho mwaka 2008, na wengi tulitarajia makubwa. Utafiti mkubwa wa hospitali za Ufaransa uliochapishwa 2020 haukuona kwamba inashinda upasuaji wa kawaida, na gharama yake ni kubwa zaidi. Upasuaji wa kutumia mikono kupitia tundu dogo, unaofanywa na madaktari wetu wengi, huondoa lenzi iliyofifia na kuweka ya bandia, mara nyingi bila kushona hata uzi mmoja. Mkifika kliniki, ombeni apimwe pia shinikizo la jicho na achunguzwe retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, maana neva ya jicho ikiwa imeshaharibika, lenzi mpya peke yake haitamrudishia kuona.