Jibu: Michezo ya kambini na ugomvi wa watoto

Mama Neema, umeuliza kama michezo ya kambi ya kiangazi inamfundisha mtoto kumaliza ugomvi au inamchochea tu, maana wa kwako alirudi akisema timu ya pili ni wezi. Inategemea ni michezo gani, dada.

Mwaka 1954, huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 wa miaka kama 11 katika makundi mawili kambini. Wakashindanishwa besiboli na kuvuta kamba, zawadi kwa washindi tu. Haikuchukua siku nyingi: matusi, kuvamiana kwenye vibanda vya kulala, bendera kuchomwa moto. Kuwalisha pamoja hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida ya wote. Maji yalikatika, wakatafuta hitilafu pamoja. Lori la kuleta chakula likagoma kuwaka (watafiti walipanga, wajanja wale), watoto wakachukua kamba ileile ya mashindano wakalivuta wote upande mmoja.

Kwa hiyo waulize wenye kambi: timu zinachanganywa upya, au ni zilezile mwanzo mwisho? Na mtoto akibisha, nani anaamua? Mimi nikisimamia watoto likizoni, kwenye rede sipulizi filimbi. Mpira ukimgusa mtu akakataa, wanabishana wenyewe, na hakuna anayerusha tena mpaka wakubaliane. Mara ya kwanza walichukua karibu robo saa, mmoja akasusa kabisa. Siku ya tatu wakawa wanasema "rudia" na mchezo unaendelea.