Virusi "havionekani" baada ya ruqya: je, niache ARV?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Ninaishi na VVU na nimetumia ARV (dawa za kufubaza VVU) kwa miaka 4. Hivi karibuni nilisomewa ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua za kuombea uponyaji) siku 7, kisha kipimo cha wingi wa virusi kikaja kimeandikwa "havionekani". Aliyenisomea anasema nimepona, na nikiendelea kumeza vidonge basi sina tawakkul, yaani simtegemei Allah. Nina mimba ya miezi 5. Mume wangu anajua hali yangu, na yeye hana maambukizi. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, usiache dawa. Kama umeshaacha, nenda kliniki leo, usingoje tarehe yako, na uwaambie ukweli ni siku ngapi hukumeza.

Hilo neno "havionekani" ndilo lililomchanganya ndugu yetu. Maana yake ni kwamba virusi kwenye damu vimepungua hadi mashine haivioni. Havijaisha. Vingine vimelala ndani ya chembechembe za mwili, mahali ambapo ARV haiviui. Kazi ya dawa ni kuvizuia visizaliane. Ukiacha kumeza vinaamka, na kwa kawaida katika wiki chache tu damu inajaa tena. Nimeshamswalia jeneza kijana aliyeachishwa dawa kwa maneno kama haya, na hadi leo naumia nikimkumbuka.

Ruqya ni haki, wala sikukatazi. Mtume (s.a.w.) alisomewa, na yeye huyo huyo alifanya hijama (kuumikwa damu kama tiba), na akasema: "Enyi waja wa Allah, jitibuni" (Abu Dawud na Tirmidhi). Ama tawakkul, mkumbuke Khalifa Umar (r.a.) alipogeuza msafara baada ya kusikia kuna tauni katika nchi ya Sham. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza, unaikimbia qadari (makadirio) ya Allah? Akajibu: ndiyo, tunaikimbia qadari ya Allah kuiendea qadari ya Allah. Kidonge chako nacho ni qadari. Wewe uliomba afya kwa miaka 4, na jibu la dua likaja kwa njia hiyo. Kulikataa ndiko kungenitia hofu.

Tena mwili huu una haki za wenzio. Maadamu unameza dawa na virusi vinaendelea kutoonekana, mumeo haambukizwi kwa tendo la ndoa, kwa hiyo kaeni kwa utulivu, ila aendelee kupima kama kliniki inavyoelekeza. Ukiwa uliacha, tumieni kondomu hadi kipimo kithibitishe tena, na aulize kuhusu PrEP, dawa ya kinga kwa asiye na VVU. Na huyo aliye tumboni! Bila dawa, katika watoto 100 wa kina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa wakati wa mimba, kuzaliwa au kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri, hawafiki 5. Hakuna fatwa itakayokuruhusu kumwondolea mwanao ngao hiyo.

Aliyekusomea usimchukie, nadhani alitaka kheri. Lakini kusoma kipimo ni elimu nyingine, na Allah anasema: "Waulizeni wenye ilimu ikiwa nyinyi hamjui" (An-Nahl, 43).

Basi kama saa yako ya dawa ni usiku, ukitoa salamu ya Isha chukua maji, sema Bismillah, umeze. Mtoto akizaliwa apewe dawa ya kinga, na apimwe kati ya wiki ya 4 na ya 6. Allah akuzalishe salama. Wallahu a'lam.