Kwa nini serikali ilipie ramani za zamani

Ndugu yangu, unauliza kwa nini pesa ya serikali iende kwenye kupiga skani makaratasi na ramani za zamani wakati barabara za Lubumbashi zimejaa mashimo.

Mwaka jana tuligombana na jirani juu ya mpaka wa parseli ya marehemu baba. Kule tulikotumwa walitukunjulia ramani ya mtaa: mchwa walikuwa wamekula mkunjo wa katikati, na parseli yetu iko palepale kwenye mkunjo! Nakala nyingine hakuna. Kesi haijaisha mpaka leo.

Ukimwachia mfanyabiashara, ataskani ramani za madini, azifungie. Ya mtaa wako hataigusa. Ufaransa, maktaba ya taifa ilifungua Gallica, maktaba yake ya kwenye intaneti, mwaka 1997 kwa pesa ya umma, na mimi nikiwa hapa Kamalondo nasoma ramani zao bila kulipa hata franka moja.

Na sisi je? Historia ya Elisabethville (ndiyo Lubumbashi yetu, kwa jina la zamani) aliyoiandika André Yav mwaka 1965, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, juu ya maisha ya maboyi, yaani watumishi wa nyumbani, niliisoma kwenye intaneti kwa sababu wasomi wa Amsterdam waliiweka. Iliniuma sana.

Ila pesa isiishie kwenye kununua mashine. Walipwe pia watu wa kuandika kila ramani ni ya mtaa gani, ya mwaka gani, la sivyo hakuna atakayeipata.