Kabla Hujaingia Ziwani: Unachoruhusiwa Kuvaa Kwenye Triathloni

Wageni wanaojiunga na triathloni, yaani mbio za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, hapa Kisumu huja na swali moja kabla ya mengine yote: ninunue wetisuti? Jibu fupi ni hapana, usinunue. Jibu refu lina faida zaidi, kwa sababu ukishaelewa kwa nini ni hapana, kanuni nyingine za mavazi zitakuingia kwa urahisi, na hutakuwa yule anayebishana na mwamuzi ufukweni saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku wenzake wakipasha misuli moto.

Wetisuti ni suti ya mpira wa neopreni. Ndani ya mpira huo mna vipovu vidogo vidogo vya gesi, na hivyo ndivyo vinavyohifadhi joto na kukufanya uelee. Hapo kwenye kuelea ndipo penye maneno. Mtu ambaye kwa kawaida miguu yake huzama, akivaa suti hiyo nyonga zinapanda, mwili unalala sawa na uso wa maji, na anapata kasi ambayo hakuitolea jasho. Waliotunga kanuni wakaona wairuhusu pale ambapo baridi inaweza kumdhuru mtu, na waikataze pale ambapo hakuna baridi ya kuogopa. Tena maji yakiwa vuguvugu, suti yenyewe ndiyo inageuka kuwa hatari: mwili unafanya kazi na kutoa joto, nayo inalizuia lisitoke.

Mpaka umewekwa kwa nyuzi za joto. Kwa kanuni za World Triathlon, shirikisho la dunia, mbio zenye kuogelea hadi mita 1500 wetisuti hukatazwa kwa wanariadha wa ridhaa maji yakifika nyuzi 22 za Selsiasi. Kwa wale wa daraja la juu mpaka ni nyuzi 20. Maji yakishuka hadi 15.9, mambo yanageuka: hapo ni lazima uivae, utake usitake. Kipimo huchukuliwa saa moja kabla ya mbio kuanza, katikati ya njia ya kuogelea na sehemu nyingine mbili, kina cha sentimita 60, na kile kilicho cha chini kabisa ndicho kinachohesabiwa. Kwa hiyo usiamini kidole chako cha mguu pale ukingoni. Maji ya kina kifupi hupashwa na jua na kukudanganya.

Sasa pima hayo kwa ziwa letu, Victoria. Maji ya Ghuba la Winam mara nyingi huwa kati ya nyuzi 24 na 28. Kwa mbio za mita 750 au 1500 hapa kwetu, swali la wetisuti limekufa kabla halijazaliwa. Pwani nako ni vivyo hivyo, Bahari ya Hindi ina joto kuliko ziwa.

Lakini angalia jambo hili, maana linawachanganya hata wakongwe. Si mbio zote zinazofuata kitabu kimoja. Mbio zenye jina la Ironman, kampuni inayoandaa triathloni za masafa marefu, zina mpaka wake: wanariadha wa ridhaa huruhusiwa wetisuti hadi nyuzi 24.5. Kutoka hapo hadi 28.8 waandaaji wanaweza kukuacha uivae, ila unatoka kwenye hesabu ya tuzo. Juu ya 28.8 ni marufuku kabisa. Maana yake ni kwamba maji yale yale ya nyuzi 24, kitabu kimoja kinakukataza na kingine kinakuruhusu. Ndiyo sababu mtu akikuambia "wetisuti inaruhusiwa", muulize kwanza: mbio zipi, umbali gani, na kanuni za mwaka gani? Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, na mwandaaji anaweza kuongeza zake. Soma mwongozo wa mbio zako wewe, uache ule wa rafiki yako aliyekimbia Dubai.

Najua nimesema usinunue, na najua pia utapita soko la Kibuye Jumapili moja ukute suti nyeusi imening'inia katikati ya majaketi ya mtumba, na muuzaji ataivuta mikono yote miwili kukuonyesha inavyonyumbuka. Ukishindwa kujizuia, basi kagua. Fungua zipu ya mgongoni, tafuta lebo ndani ya shingo au maandishi madogo kifuani na kwenye kifundo cha mkono. Utaona tarakimu kama 3/2 au 5/4 au 7. Hizo ni milimita za unene. Triathloni hairuhusu unene unaozidi milimita 5 mahali popote, na suti ya 7 ni ya mpiga mbizi, haiingii mashindanoni hata maji yawe ya barafu. Kisha vaa upande wa juu uzungushe mkono kama unaogelea. Suti nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa ajili ya kuteleza juu ya mawimbi au kupiga mbizi, mabega yake ni magumu, na baada ya mita mia mbili utakuwa unapigana na suti badala ya maji. Bei nzuri haiondoi hilo.

Wanaofanyia mazoezi Nakuru wana shida yao, nami huirudia kila nikipata nafasi. Mji upo karibu mita 1850 juu ya usawa wa bahari, na bwawa lisilopashwa moto mwezi wa Julai linauma mpaka kwenye mifupa. (Ziwa Nakuru lenyewe usiliwazie, maji yake ni ya magadi, hilo tumewaachia heroe.) Basi kijana anaazima wetisuti, au anavaa kaptula ya neopreni, ile ya kuinua nyonga, na miezi yote ya mazoezi anaogelea akiwa ameinuliwa. Bwawani anaonekana samaki. Anateremka Kisumu, kaptula inakataliwa kwa sababu ni neopreni na maji ni ya moto, na kwa mara ya kwanza anakutana na miguu yake halisi. Zaidi ya hayo ziwa ni maji yasiyo na chumvi, kwa hiyo haliinui mwili kama bahari inavyouinua. Hata waliozoea Mombasa hulalamika kwamba huku wanazama.

Ushauri wangu kwa hao ni wa aina moja tu: tangu wiki ya kwanza, jifunze kuogelea ndani ya lile vazi utakaloshindana nalo. Ukisikia baridi, punguza muda wa kukaa majini, usiongeze mpira mwilini. Teke la mguu na kulaza kichwa utavipata polepole, lakini vitakuwa vyako.

Vazi lenyewe ni lipi? Trisuti ya kitambaa inatosha: ile ya kipande kimoja unayoogelea, unayoendesha baiskeli na kukimbia nayo. Mikono isipite kiwiko, miguu isipite goti. Juu yake unaweza kuvaa lile vazi jembamba la kitambaa linaloteleza majini, mradi ni nailoni au laikra tupu, halina mpira wala poliyuretani (plastiki inayonyumbuka kama mpira), na halivuki kiwiko na goti vilevile. Hofu ya poliyuretani ina historia. Kwenye mashindano ya dunia ya kuogelea Roma mwaka 2009, rekodi 43 za dunia zilianguka kwa siku chache, waogeleaji wakiwa ndani ya suti za aina hiyo, na kufikia Januari 2010 zilikuwa zimepigwa marufuku mabwawani. Triathloni nayo haitaki mpira urudi kwa mlango wa nyuma.

Kama huna pesa ya trisuti, usiache kuja. Kaptula ya kuogelea inayobana inatosha kuanzia, na kwa wanawake vazi la kawaida la kipande kimoja. Kaptula ya mpira wa miguu haijakatazwa, ila inabeba maji kama ndoo, na fulana ya pamba ni mbaya zaidi. Wako pia wanaopeleka nailoni kwa fundi cherehani washonewe, na kazi hutoka nzuri. Mwambie fundi mishono iwe bapa, la sivyo makwapa yatakueleza.

Dada zetu wanaojisitiri mwili mzima wasisubiri siku ya mbio. Mwandikie mwandaaji majuma kadhaa kabla, eleza vazi lako, taja kwamba ni kitambaa kisicho na mpira, omba idhini, na ukipewa jibu lihifadhi kwenye simu uje nalo. Mazungumzo hayo yakifanyika mapema huwa ya heshima. Yakifanyika ufukweni dakika tano kabla ya honi, kila mtu ana haraka.

Kinachowaponza wageni wengi zaidi, kwa nilivyoona, ni soksi za kubana shavu la mguu. Mtu anazivaa asubuhi kwa ajili ya mbio za baadaye, hazimfanyi aelee, hazimwongezei kasi, anaona hazina kosa. Kosa lipo: zinafunika chini ya goti, na wetisuti ikiwa imekatazwa, kufunika chini ya goti kumekatazwa pia. Zivae baada ya kutoka majini. Soksi za kawaida na glavu ni hivyo hivyo. Namba ya mbio isiende majini, funga mkanda wake ukishafika kwenye baiskeli.

Kofia utakayopewa na waandaaji ni lazima uivae, na ukitaka ya pili kwa ajili ya baridi au nywele, ivae chini, ile yao ikae juu ionekane. Rangi yake inawaambia waokoaji uko kundi gani, na katika maji ya rangi ya chai kama yetu, kofia ndiyo kitu pekee mtu wa mtumbwi anachokiona. Miwani ni hiari. Hapa chukua yenye kioo cha giza, kwa sababu asubuhi ukizunguka boya kurudi mjini jua linakuwa usoni. Saa ya mkononi haina neno. Chipu ya muda ikae kwenye kifundo cha mguu, kaza vizuri. Mapezi, kasia za mikono, mrija wa kupumulia na vifaa vya masikioni vya muziki, vyote viache nyumbani. Ukichoka majini unaruhusiwa kushika boya au kayaki upumzike, mradi usikitumie kusonga mbele. Wengi hawalijui hili wakaishia kunywa maji bure.

Lile boya dogo la kufunga kiunoni nalo ni kifaa cha kuelea, kwa hiyo mashindanoni linabaki kwenye begi isipokuwa mwongozo umesema vingine. Mazoezini ziwani, bila hilo usiingie, wala usiingie peke yako. Tafuta la rangi ya chungwa. Ingia mbali na magugumaji na matete, konokono wa kichocho hupenda huko, na ukitoka jikaushe kwa taulo mara moja, kisha mara kwa mara nenda kliniki upimwe. Ukifika ufuko wa Dunga, wasalimie wavuvi kwanza uwaulize viboko wako upande gani leo. Mchana upepo huamka na ziwa linachafuka, kwa hiyo sisi huwa tumeshatoka kabla ya saa tatu asubuhi.