Udongo umelowa oili chafu, ninunue bakteria wa chupani?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimenunua kiwanja hapa Morogoro, nusu yake ilikuwa gereji ya malori miaka mingi, udongo mweusi tii, ukimwaga maji yanateleza tu juu hayaingii, na jua likiwaka harufu ya dizeli inapanda mpaka chumbani. Sasa kuna jamaa anauza bakteria wa kwenye chupa, anasema namwaga tu, wiki mbili udongo safi napanda mchicha. Kweli au napigwa?

Jibu: Marahaba. Kwenye bakteria hajakudanganya, ila hiyo chupa ndo unapigwa. Bakteria wanaokula mafuta wapo kweli, na wapo tayari humo humo kwenye udongo wako, tena palipomwagika mafuta muda mrefu wanakuwa wengi kuliko kwa jirani. Wamekwama tu, sababu mafuta yanawapa kaboni lakini naitrojeni na fosforasi hamna, na hewa nayo hamna maana malori yameshindilia udongo ukawa kama sakafu.

Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilipasuka Alaska, Marekani, ikamwaga kama lita milioni 40 za mafuta ghafi, na kwenye baadhi ya fukwe walinyunyizia mbolea, yani mbolea tu, na baada ya kama wiki mbili sehemu zilizonyunyiziwa zilionekana kwa macho ni safi kuliko za pembeni. Ila mafuta yaliyojificha chini ya kokoto, kusikofika hewa, miaka zaidi ya 20 baadae watafiti wakichimba bado wanayakuta. Usipopindua udongo umefanya kazi bure.

Kwa hiyo chimba ule mweusi mpaka uone rangi imebadilika, uweke juu ya turubai zito mbali na kisima, vunja mabonge, changanya na samadi iliyooza, kama ndoo moja kwa ndoo tatu nne za udongo, tia na pumba za mpunga ili hewa ipite. Mbolea ya DAP kidogo sana, ukizidisha unawaunguza hao hao unaotaka wakusaidie. Maji usikadirie kwa macho, kamata konzi ya udongo uiminye, ishikane lakini isichuruzike. Kila wiki pindua kwa chepe, mvua ikija funika. Dizeli itapungua kwa miezi kadhaa, oili ya injini ni nzito zaidi, mwaka unaweza kukatika na mabaki yapo. Wiki mbili sahau.

Huo mchicha ndo unanitia wasiwasi. Oili chafu inabeba vyuma vilivyosagika ndani ya injini, na gerejini betri kuukuu hazikosi, maana yake inawezekana kuna risasi, yani ile metali yenye sumu ya kwenye betri, sio ya bunduki, na mboga za majani ukipanda hapo hata vumbi linaloganda kwenye jani unalila. Uko Morogoro, SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko hapo hapo, peleka sampuli uwaambie unataka kujua mafuta na risasi, sio rutuba peke yake.

Swali: Mimi niko Mombasa, karibu na mtaa wa Owino Uhuru. Je, bakteria hao hawawezi kula risasi?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Mafuta yanavunjwa yanabaki hewa ya ukaa na maji, risasi ni elementi, hakuna mdudu wa kuivunja, kuna bakteria wanaoweza kuifanya isiyeyuke kirahisi ila inabaki pale pale. Kwenu risasi ilitoka kwenye kuyeyusha betri kuukuu, na mahakama mwaka 2020 iliagiza wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, lakini hela haisafishi ua wa nyumba. Udongo wa namna hiyo unaondolewa au unafunikwa kwa udongo safi mnene. Kwa sasa panda mboga kwenye magunia yenye udongo wa kutoka mbali, deki kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, watoto wanawe mikono kabla ya kula, na ukiweza wapimwe damu, hao wadogo wanaotambaa kwanza.