Mama Alinipa Vitabu vya Upelelezi, na Sasa Siviachi

SWALI

Ndugu Mhariri,

Mwaka jana mama yangu alinikabidhi kitabu cha kwanza cha mfululizo wa riwaya za upelelezi, akaniambia nisome sura tatu tu, na zisiponivutia nimrudishie bila kuona haya. Kitabu hicho kilikaa miezi kadhaa bila kufunguliwa, kwa kuwa niliamini kwamba hadithi za mjane mstaafu anayefumbua mauaji katika mji mdogo, bila bastola wala kufukuzana kwa magari, ni za watu wa umri wake. Sasa nimemaliza vitabu vinne, na rafiki zangu wananiambia kwamba ninapoteza muda kwa vitabu vyepesi.

Nina maswali matatu. Inakuwaje hadithi inayoanza na maiti initulize kiasi cha kupata usingizi mzuri? Kitabu cha tatu kilikuwa kimepotea, hivyo nikakiruka na kusoma cha nne na cha tano. Je, kikipatikana kuna haja ya kukirudia? Mwisho, mama ameshausoma mfululizo wote, na kila ninapomtajia mhusika fulani hutabasamu kwa namna inayonitia wasiwasi kwamba ataniharibia utamu. Nimwombe tusivizungumzie vitabu hivi mpaka nitakapomaliza?

JIBU

Ndugu msomaji,

Nitaligusa kwanza swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo pekee ambalo ukilikosea utapoteza kitu: tafadhali usimwombe mama anyamaze. Nitalirudia baada ya kuyajibu hayo mengine.

Hakuna kasoro yoyote katika kutulizwa na hadithi za aina hii. Katika riwaya za upelelezi wa namna anayoipenda mama, kifo chenyewe kwa kawaida hutokea nyuma ya pazia. Msomaji haonyeshwi mateso ya marehemu bali hupewa swali, na kuanzia hapo akili yake hushughulika na saa, funguo, barua iliyochanwa na jirani anayeapa kwamba usiku ule alikuwa amelala. Akili iliyoshughulishwa hivyo haipati nafasi ya kuyarudia masumbuko ya mchana. Riwaya hizi zilikomaa nchini Uingereza katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Agatha Christie, ambaye wakati wa vita hivyo alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali na huko akajifunza habari za sumu, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1920. Wasomaji wake walikuwa wametoka kushuhudia vifo vya mamilioni ambavyo hakuna aliyeweza kuvitolea hesabu, nami naamini kwamba ndiyo sababu walizipokea kwa moyo hadithi ambamo kifo cha mtu mmoja tu kinatosha kuusimamisha mji mzima mpaka ijulikane ni nani aliyekisababisha na kwa nini.

Utulivu huo una chanzo kingine, nacho ni uaminifu wa mwandishi kwa msomaji wake. Mwaka 1929 Ronald Knox, aliyekuwa padri na mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliandika kanuni kumi za fani hii; mojawapo inakataza kabisa nguvu za mizimu na miujiza zisiwe ndizo zinazofumbua fumbo, na nyingine inamkataza mpelelezi asigundue jambo na kumficha msomaji. Mwaka uliofuata waandishi wa fani hiyo waliunda chama chao mjini London, ambamo mwanachama mpya aliapa kutoficha kidokezo chochote cha lazima. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunamjua mpelelezi aliyeishi kwa kanuni hiyohiyo: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia mwaka 1960 katika "Mzimu wa Watu wa Kale", mtu wa kiko na subira, ambaye hata mauaji yanapotokea penye mzimu hutafuta mkono wa binadamu. Unapolala vizuri baada ya kusoma, sehemu ya usingizi huo hutokana na kujua kwamba hakuna aliyekulaghai, na kwamba kila ulichohitaji kimewekwa mbele ya macho yako.

Ndiyo maana nawaombea rafiki zako wajaribu kuandika sura moja tu ya kitabu hicho "chepesi". Kumwonyesha mtu kitu waziwazi na bado asikione ni kazi ngumu sana. Waandishi hodari hukiweka kidokezo katikati ya orodha ya vitu vya kawaida, kwa kuwa jicho hukumbuka cha kwanza na cha mwisho. Au hukitamka muda mfupi kabla ya ugomvi kuzuka, ili mabishano yakifagie. Au humpa mhusika anayejulikana kwa porojo, ambaye sote tumeshazoea kutomsikiliza. Rudi kwenye kitabu cha kwanza, sasa ukiwa unamjua mhalifu, usome tena sura mbili za mwanzo peke yake. Utaona kwamba jibu lilikuwa limeketi pale tangu siku ya kwanza, na pengine utamheshimu mwandishi kuliko ulivyomheshimu ulipomaliza.

Kuhusu kitabu cha tatu: kirudie. Kila kitabu huwa na uhalifu wake unaoanzia na kuishia humohumo, lakini maisha ya watu wa mji ule hayaishii hapo, na katika kitabu ulichokiruka huenda kuna ndoa, msiba au ugomvi ambao katika cha nne ulikuta umeshazoeleka. Sikuhakikishii kwamba siri yake haijavuja, kwa sababu hata Christie mwenyewe, katika riwaya ya mwaka 1936, alimfanya mpelelezi wake Hercule Poirot afichue siri ya riwaya iliyotoka mwaka 1934. Hata hivyo, aliyevisoma cha nne na cha tano bila kugundua chochote bado hajapoteza kitu.

Sasa turudi kwa mama. Marehemu baba yangu ndiye aliyeniingiza katika vitabu hivi, naye alikuwa na mazoea ya kuweka nukta ndogo za penseli pembeni mwa kurasa. Kwa muda mrefu nilidhani kwamba anavitia alama vidokezo, nikawa nazifuata nukta zake kama mtu anayefuata nyayo, na kila mara zikanipeleka kwa mshukiwa asiye na hatia. Nilipomwuliza, aliniambia kwamba kila nukta ni mahali alipobadili mawazo kuhusu nani muuaji. Baba hakuwa mtu wa kukiri kosa kwa urahisi, lakini katika kitabu kimoja alikuwa ameacha ushahidi wa kudanganyika mara tano, kisha akanipa kitabu hicho kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo nilianza kumwuliza mambo ambayo kabla yake nisingethubutu kumwuliza.

Kwa hiyo, badala ya kumwomba mama akae kimya, mbadilishie maswali. Usimwulize kitakachotokea, mwulize yeye alimshuku nani alipofikia ukurasa ule uliofikia wewe, na kwa sababu gani. Kabla ya kufungua sura tatu za mwisho za kila kitabu, simama, mwambie jina la mshukiwa wako na hoja zako zote, na mkubaliane kwamba yeye ataruhusiwa kuuliza lakini hataruhusiwa kujibu mpaka umalize. Tabasamu lake linalokutia wasiwasi si lazima liwe dalili ya siri inayotaka kumtoka. Mtu aliyekwisha kusoma hana tena raha ya kutojua, na raha iliyobaki kwake ni kumtazama mwingine akipita njia ileile. Yumkini alikuwa akiingoja tangu siku alipokukabidhi kitabu cha kwanza, katika miezi yote ambayo kitabu hicho kilikaa bila kufunguliwa.

Vilevile mwulize ni wakati gani wa maisha yake alipoanza kuusoma mfululizo huu. Nina hakika kwamba kuna jibu, kwa kuwa watu wazima ni nadra kuanza mfululizo mrefu wa vitabu bila kuwa na jioni ndefu za kuzijaza. Kitabu cha tatu nacho kikipatikana, msikilize kwanza kama angependa kukirudia, kisha kisomeni kwa zamu, sura kwa sura, wewe ukiweka nukta zako kwa penseli na yeye akijizuia kuzitazama.