Kibaraza cha mbao chini ya jua la Dodoma: maswali ya wasomaji

Swali: Habari za kazi, mafundi. Nimejengewa kibaraza cha mbao nyuma ya nyumba, mita 4 kwa 6, hakina paa. Mbao ni paini za kutoka Mafinga, zimetiwa dawa na bado zina ukijani. Nataka kupaka steni, ile rangi inayoingia ndani ya mbao, kabla ya mvua za Desemba. Dukani nimeonyeshwa makopo mengi hadi nimechanganyikiwa. Ninunue ipi, kiasi gani, na nianzie wapi? (Msomaji, Iyumbu)

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Kabla ya kununua chochote, hakikisha mbao zimekauka. Paini iliyotiwa dawa hufika dukani ikiwa imelowa hadi ndani, na steni haiwezi kuingia mahali ambapo maji yamekaa. Dondosha matone machache ya maji kwenye mbao tano au sita, zikiwemo zilizo kivulini. Yakinywewa ndani ya dakika 5, mbao iko tayari. Yakibaki yamesimama, kuna sababu mbili: ama mbao bado ni mbichi, ama randa imeacha uso unaong'aa usiopitisha kitu. Kutofautisha ni rahisi. Piga msasa namba 80 sehemu ya ukubwa wa kiganja, kisha dondosha tena. Yakinywewa, tatizo lilikuwa randa. Yakigoma, subiri wiki mbili tatu, kisha pima upya. Mwenye kipima unyevu asubiri hadi kisome chini ya asilimia 15.

Sasa kopo. Kwa sakafu isiyo na paa tunashauri steni ya mafuta ya nje, yenye rangi kiasi, ile inayoacha mistari ya mbao ionekane. Isiyo na rangi kabisa inavutia siku ya kwanza, lakini mionzi ya jua hupita moja kwa moja na kuvunja lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mbao, na mbao hugeuka rangi ya majivu kabla mwaka haujaisha. Rangi iliyomo kwenye steni ndiyo mwavuli wenyewe. Nzito inayofunika mbao kama rangi ya ukutani inafaa kwa uzio. Sakafuni huchunwa na miguu na viti. Steni ya maji ni nzuri pia, ila kwa ukavu na upepo wa Dodoma hukauka kabla hujaunganisha unapopaka na ulipokwisha kupaka, na kila ulipoinua brashi panabaki mchirizi mweusi. Ya mafuta inakupa muda wa kupumua.

Chagua hudhurungi ya wastani. Ile nyeusi nyeusi kama kahawa huungua kwelikweli saa nane mchana, na watoto hawatakanyaga. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki cha mbao zilezile, kwa sababu ukijani wa dawa hubadilisha rangi: steni nyekundu juu ya kijani hutoka kama tope.

Kiasi: mita 4 kwa 6 ni mita za mraba 24. Mbao iliyopigwa randa hunywa lita 1 kwa takriban mita za mraba 8 mkono wa kwanza, yaani ukipaka mara ya kwanza, na 12 mkono wa pili. Hiyo ni lita 3 na lita 2. Ongeza nusu lita ya kingo na ngazi. Nunua galoni moja ya lita 4 na makopo mawili ya lita moja. Kama mbao hazikupigwa randa, piga hesabu ya mita za mraba 4 au 5 kwa lita. Hapo ndipo watu huishiwa steni katikati ya kazi na kurudi dukani kukuta rangi iliyopo haifanani.

Matayarisho: msasa namba 60, kisha 80, basi. Ukiendelea hadi 150 utapata uso laini kama meza ya sebuleni, na steni haitaingia. Vaa barakoa, maana dawa nyingi za mbao za ukijani huu zina shaba, kromiamu na aseniki. Vumbi na vipande vilivyobaki visichomwe wala kupelekwa jikoni kuwa kuni. Zungusha skrubu zilizoinuka zizame, fagia, osha kwa sabuni na brashi ngumu ya nailoni, suuza, acha ikauke siku mbili.

Miezi mizuri zaidi hapa ni Mei na Juni, mvua zikishakatika na kabla upepo wa vumbi haujashika. Wewe umebanwa na Desemba, kwa hiyo fanya hivi. Jioni ya kuamkia kazi, mwagilia ua unaozunguka kibaraza ili vumbi jekundu litulie. Usipake mbao ambayo huwezi kuiwekea kiganja ukakiacha. Kwenye mbao ya moto steni hukauka juu kabla ya kuingia ndani. Anza saa kumi jioni, au asubuhi upande ambao jua halijafika, ukifuata kivuli.

Mimina makopo yote kwenye ndoo moja na ukoroge kwa kijiti bapa kutoka chini, kwa sababu rangi yote hujilaza kwenye kitako. Endelea kukoroga kila baada ya dakika kumi. Tumia brashi ya inchi 4. Anza na vichwa vya mbao, pale palipokatwa kwa msumeno: hapo hunywa kama mrija, na ndipo mipasuko huanzia. Vipe mara mbili au tatu. Kisha paka mbao mbili au tatu kwa pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kusimama katikati hata simu ikilia. Baada ya dakika 15 hadi 20, angalia kwa kuinamisha kichwa ukielekea kwenye mwanga. Penye kung'aa pana steni ambayo mbao imeikataa; ifute kwa kitambaa. Mkono wa pili upakwe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, na pale tu mbao bado inanywa. Usikanyage kwa siku moja hadi mbili, na viti virudi baada ya siku tatu.

Jambo la mwisho, na tafadhali usilipuuze. Matambara yenye steni ya mafuta hutoa joto yanapokauka, na yakirundikwa pamoja huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Yatandaze moja moja nje juu ya mawe hadi yakakamae, au yaloweke kwenye kopo la chuma lenye maji na ulifunike.

Swali: Baraza yetu ya mninga ilipakwa vanishi mwaka jana. Sasa inabanduka kama ngozi iliyoungua jua, na chini yake pana weupe. Fundi anasema tupige msasa kidogo tupake steni juu. Ni sawa? (Mama wa Area C)

Jibu: Hapana, mama. Vanishi ni ngozi iliyokaa juu ya mbao, wakati steni inahitaji kuingia ndani. Ukipaka juu yake itabaki inateleza, na pale palipobanduka itaingia. Utakuwa na baraza yenye mabaka kama chui.

Kilichotokea ni hiki: mbao hutanuka mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, lakini vanishi ya ndani ya nyumba ni ngumu, haifuati. Hupasuka nyufa ndogo, maji hupenya na kunaswa chini, ndio huo weupe. Jua nalo lilikuwa likipita kwenye vanishi na kuua nyuzi za juu za mbao, kwa hiyo hata palipoonekana pazima hapana mshiko.

Inabidi itoke yote. Paka dawa ya kubandulia rangi, acha dakika 15 hadi 20 kivulini, kisha kwangua kufuata mistari ya mbao. Osha kama maelekezo ya dawa hiyo yanavyosema, acha ikauke, malizia na msasa namba 60 na 80. Usimruhusu fundi atumie grenda yenye diski ya msasa ili amalize haraka. Grenda huchimba alama za nusu mwezi ambazo huzioni mbao ikiwa kavu, lakini steni ikigusa tu zinajitokeza zote, na hapo hakuna wa kulaumiwa tena maana ameshalipwa.

Mninga haina kiu kama paini. Futa uso kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi, subiri ikauke, kisha paka mkono mmoja mwembamba na ufute kila kinachong'aa. Ukiwa unapenda mng'ao wa vanishi, ubakize kwa viti vilivyo chini ya paa.

Swali: Shikamooni. Hapa kwetu mchwa ni wengi, na wazee wanasema dawa ni oili chafu ya gari. Nimeshapaka nguzo na mbao chache. Naweza kupaka steni juu yake? (Kijana wa Mpwapwa)

Jibu: Marahaba, kijana. Acha hapo ulipofikia. Oili ya injini haikauki. Hukaa ndani ya mbao ikitoka kidogo kidogo kila jua likiwa kali, hudaka vumbi, huchafua nguo, na hudondoka kwenye udongo. Oili iliyotumika pia ina chembe za metali zilizosagika ndani ya injini, na si kitu cha kukanyaga kwa miguu mitupu. Steni haitashika juu yake leo wala mwakani. Mbao ambazo upande wa chini ni msafi, zifungue uzigeuze. Zilizoloa pande zote, badilisha.

Kuhusu mchwa, usitegemee steni wala oili. Mchwa hutoka ardhini na hujenga njia ya udongo kupita juu ya nguzo iliyopakwa, bila kuigusa mbao yenyewe hadi wapate ufa. Wazuie chini. Mguu wa nguzo usizame kwenye udongo. Ukae juu ya zege kwa kiatu cha chuma kinachouinua sentimita 5 au zaidi. Udongo wa chini ya kibaraza utibiwe kwa dawa ya mchwa iliyosajiliwa, kwa kipimo cha kwenye chupa. Ondoa vipande vyote vya mbao ambavyo mafundi waliviacha huko chini, maana ndivyo vinavyowaita. Acha nafasi ya kuchungulia na tochi kila mwezi. Ukiona njia ya udongo kwenye zege, ivunje na utibu tena.

Swali: Nimepaka steni ya mafuta, mikono mitatu ili idumu. Wiki nzima imepita, bado inanata na vumbi la Singida limeganda juu. (Msomaji, Singida)

Jibu: Mkono wa tatu haukuwa na pa kwenda. Mbao ikishiba, ziada hubaki juu na kugeuka utando unaonata. Lowesha kitambaa kwa tapentaini, sugua kufuata mistari ya mbao, futa mara moja kwa kitambaa kikavu, badilisha vitambaa vikichafuka. Fanya sehemu ya mita moja moja, usimwage tapentaini sakafu nzima. Usiongeze kitu juu. Na matambara hayo yatunze kama tulivyomweleza msomaji wa Iyumbu.

Swali: Kibaraza changu ni cha mkaratusi. Kila penye msumari pana doa jeusi linalotiririka, na kuna vidoa vidogo vidogo vyeusi sehemu zote. Ni ukungu? (Msomaji, Kondoa)

Jibu: Dondosha jiki kidogo kwenye doa moja. Likififia baada ya dakika chache, ni ukungu. Lisipobadilika, ni chuma. Mkaratusi una tanini nyingi, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi kama wino. Madoa ya misumari yanajieleza. Hivyo vidogo vilivyotapakaa mara nyingi ni cheche za grenda wakati wa kukata vyuma jirani, au vipande vya brashi ya waya iliyotumika kusafishia. Ndiyo maana juu tumetaja brashi ya nailoni.

Kwa doa la chuma tumia asidi ya oksaliki, huuzwa kwenye maduka ya kemikali kama chembechembe nyeupe. Gramu 50 kwa lita 1 ya maji ya vuguvugu, kwenye chombo cha plastiki. Ni sumu, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na watoto na kuku wakae mbali. Paka, acha dakika 15 hadi 20, suuza kwa maji mengi mara mbili, acha ikauke kabisa kabla ya steni. Lakini kabla ya hayo yote ng'oa misumari na uweke skrubu za chuma kisichoshika kutu au zilizopakwa zinki. Vinginevyo weusi utarudi mvua ya kwanza tu.

Swali: Steni hurudiwa baada ya muda gani? (Wameuliza wengi)

Jibu: Sakafu inayopigwa na jua mchana kutwa, mwaka mmoja hadi miwili. Reli na nguzo hudumu zaidi kwa sababu jua na maji havilali juu yake. Kila Mei, rudia kipimo cha matone ya maji kwenye njia ya miguu, mlangoni na mbele ya ngazi. Maji yakiwa bado yanasimama, acha. Yakinywewa, osha, kausha siku mbili, paka mkono mmoja wa steni ileile, takriban nusu ya kiasi cha mara ya kwanza. Msasa upige pale tu palipoota rangi ya majivu. Ukiwa na maji ya kisima yenye chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua uliyohifadhi kwenye tangi, vinginevyo chumvi itaacha utando mweupe ambao utaufungia chini ya steni.